Waacheni Waruke Kichura

Wiki mbili zilizopita, kwenye kikao chetu cha wasomaji, mwenzetu mmoja ambaye namheshimu sana kwa usomaji wake alitupia maneno juu ya "mibaba inayorukaruka alfajiri". Alikuwa amepita Mnazi Mmoja na gari kabla hakujapambazuka vizuri, akaona wanaume kama thelathini wamechuchumaa kwenye duara wanaruka kichura, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Akasema hilo ndilo tatizo la wanaume wa mji huu: vitabu hawasomi, kichura wanaruka. Kikao kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, kwa sababu sikutaka wajue kwamba mmoja wa wale thelathini nilikuwa mimi.

Kicheko kile kimenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Baada ya kucheka, mwenzetu alipanga hoja zake vizuri, na mimi nitazijibu kwa mpangilio wake. Ya kwanza: eti mazoezi haya ya alfajiri ni mtindo wa kuiga. Ya pili: kundi la wanaume watupu ni mfumo dume uliovaa raba. Ya tatu: hata kama hayana ubaya, si jambo la watu wa fasihi. Hoja ya kwanza ni ya mtu aliyesahau shule aliyosoma. Ya pili ina ukweli mwingi kuliko yeye mwenyewe anavyojua. Ya tatu ndiyo iliyonikasirisha.

Tuanze na kuiga. Ni kweli, Marekani wanayo. Mwaka 2011, mjini Charlotte, North Carolina, lilianza kundi liitwalo F3: wanaume watupu, alfajiri, nje, mvua inyeshe au baridi ipige, hakuna kiingilio, uongozi unazunguka, na mwisho watu wanasimama duara. Limeenea miji mingi. Ukisoma kanuni zake unaweza kusema, aha, kumbe wa Mnazi Mmoja wameyatoa huko.

Hebu subiri. Wewe hukukimbia mchakamchaka? Umesoma shule ya msingi ipi ambayo asubuhi, umande haujakauka, mwalimu wa zamu hakusimama na fimbo, viranja mbele, darasa la kwanza wanaburuzwa nyuma, shule nzima inazunguka kijiji inaimba? Sisi wengine tuliimba nyimbo za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wakati hatukuwa hata tumezaliwa, na tulimchukia Idi Amin kwa mdundo wa miguu kabla hatujajua Uganda iko upande gani wa ramani. Kichura chenyewe tulikijua kama adhabu ya kuchelewa namba. Jeshi la Kujenga Taifa lipo tangu 1963, na kila aliyepita huko alirudi na nyimbo kifuani. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba 1967, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kutembea na kukimbia pamoja kwa nia moja, huku mnaimba, kwetu ni jambo la zamani. Kama kuna kitu tumekiiga kutoka nje ni kukimbia peke yako na waya masikioni.

Na anayedhani ni mchezo wa watu wazima wasio na kazi, aangalie nani huwa hacheki. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, vijana wakaja kuruka na kupanda milingoti. Haikupita miaka kumi, Jahn alikuwa amekamatwa na dola ya Prussia imefunga viwanja vile, kwa hofu ya mawazo yaliyokuwa yanazungumzwa pale. Mbali? Basi njoo karibu. Bujumbura, mji ambao mtaa wake wa Buyenzi unaongea Kiswahili kama Kariakoo, watu walizoea kukimbia kwa makundi wakiimba. Machi 2014, mbio za wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD ziliishia kwenye mapambano na polisi. Watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha, na mbio za makundi mitaani zikapigwa marufuku. Sisi wasomi tunacheka, watawala wanaogopa. Wao wamekwisha kuona kwamba watu wakizoea kupumua pamoja, wataongea pamoja.

Sasa hoja ya pili, na hapa nakiri lazima niinamishe kichwa kidogo.

Sisi hukutana saa kumi na moja na nusu. Ili nifike saa hiyo, natoka kitandani saa kumi na robo. Kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo: mimi ni mwanaume wa alfajiri, nidhamu, na kadhalika. Siku moja nafunga kamba za raba pale sebuleni, mke wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi. Akasema taratibu, bila ugomvi, "Baba watoto, na mimi nikitaka duara langu saa hizi, uji atakoroga nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka. Lakini siku ile nilikimbia na swali lile kama kokoto ndani ya kiatu. Kila mwanaume aliyekuwa kwenye duara pale alikuwa ameacha nyuma yake jiko limewashwa na mtu mwingine. Na hata jiko likipata mtu, mwanamke gani atatembea peke yake saa kumi na moja gizani, kutoka Buguruni au Ilala, bila kuogopa vibaka na mabaya zaidi ya vibaka? Giza lile kwetu ni ubaridi mzuri wa kukimbilia. Kwao ni hatari. Kwa hiyo, ndiyo, uhuru wetu wa alfajiri umekopwa, na wengi wetu hatujawahi hata kuliangalia deni.

Halafu kuna lugha. "Nyanyua goti! Acha kukimbia kike!" Kila siku. Anayechoka ni mama, anayelala chini kwenye pushapu ni binti. Tunapiga kelele hizo, na pembeni yetu kwenye Mtaa wa Lumumba wanapita akina mama wa kweli, wana ndoo kichwani, wanawahi samaki Feri. Wengine wamebeba jiko la mkaa, sufuria na benchi, wanakwenda kupika chai ya watu. Wamebeba mizigo ambayo nusu ya duara letu ingeanguka nayo kabla ya kuvuka Barabara ya Bibi Titi. Sisi tumebeba vitambi vyetu tu, na tunawatukania jinsia yao ili tupate nguvu. Ni aibu. Nimewahi kusema hivyo kwenye duara, nikaambiwa nimeanza kuwa mama. Unaona?

Kwa hiyo mwenzetu wa vitabu ana haki yake. Anapokosea ni pale anaporuka kutoka hapo mpaka kusema lile duara livunjwe. Mimi namuuliza: ukilivunja, wanaume wale waende wapi?

Fikiria kwa makini, tusijibu haraka. Baa? Baa ina bei yake, na maneno ya baa mengi huisha na chupa. Kijiweni? Kijiweni tunaongea Simba na Yanga kutwa nzima, na mtu anaweza kukaa na wenzake miaka kumi bila mmoja kujua kwamba mtoto wake anaumwa. Msikitini na kanisani tunakwenda kusikiliza. Baraza, lile la saruji mbele ya nyumba ambalo wazee wetu wa pwani walikaa na kahawa chungu wakazungumza hadi giza, maghorofa yamekuja na mageti, na mlinzi hataki watu wakae pale. Mahali pa mwanaume kufungua mdomo, bila kulipa, bila kuhubiriwa, bila ushabiki, pamebaki pachache mno.

Pale kwenye duara mdomo unafunguka. Nadhani ni kwa sababu ya giza. Humwoni mwenzako usoni, wote mmelowa jasho, mnahema, hakuna mwenye cheo. Mwenye duka la vipuri na msukuma mkokoteni wote wanatetemeka mapaja sawasawa.

Asubuhi moja, tunanyoosha viungo, mwenzetu mmoja mtu mzima kabisa, ana wajukuu, akasema huku anaangalia chini: "Jamani, mimi nimepunguzwa kazini, mwezi wa tatu huu. Nyumbani hawajui. Kila asubuhi navaa shati, natoka, nazunguka mjini mpaka jioni." Hakuna aliyesema neno. Tukaendelea kunyoosha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kama tulivyoambiwa. Halafu fundi cherehani, mzee wetu, akasema, "Njoo ukae dukani kwangu mchana. Kazi sina ya kukupa, ila kiti kipo." Yule bwana alikaa kwenye kile kiti wiki nne. Wiki ya tano alimwambia mkewe. Kuna mtu atasema hilo ni jambo dogo. Mimi nasema sijaona kikao cha fasihi kilichompa mtu kiti cha namna ile.

Lakini kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, niseme wote. Duara lilelile lilimpoteza mtu.

Alikuwa dereva wa daladala, mcheshi, wa mwisho kuchoka. Akaacha kuja. Tukasema atakuwa amebadilishiwa zamu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulikuwa na picha zake zisizohesabika: amenyanyua kidole gumba, ametoa ulimi, amembeba mtu mgongoni. Tuliendelea kutumiana picha mpya asubuhi na mapema, jua linachomoza nyuma ya vichwa vyetu, "tumeshinda!", misuli, vikofia. Jumamosi moja akaja mwanamke, amejitanda khanga, akasimama mbali kidogo mpaka tukamaliza. Akasalimia, akasema, "Shemeji zangu, nyie ndo mlikuwa mnakimbia na mume wangu? Alikuwa anawataja sana. Nilidhani mtakuja." Kiharusi. Upande mmoja wote. Presha alikuwa nayo siku nyingi, hakuwahi kusema, na sisi tuliompigia kelele "ongeza, ongeza, wewe mwanaume!" hatukuwahi kuuliza. Wanaume thelathini na simu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyepiga.

Neno lile, "nilidhani mtakuja", ndilo linalotenganisha duara na bonanza. Kama hatujui nani hayupo, basi sisi ni watu tunaotoka jasho sehemu moja, basi. Tena tukiacha hivihivi, mambo yanazidi kuharibika. Mwaka jana lilikuja wazo la fulana: kila mtu shilingi elfu ishirini na tano, jina mgongoni, nembo kifuani. Tukapendeza. Vijana wawili wa mkokoteni, ambao walikuwa wanakuja na katambuga na bukta zilizopauka, hawakuonekana tena. Hakuna aliyewafukuza. Fulana iliwafukuza. Ukumbuke tuko wapi: Mnazi Mmoja, eneo ambalo wapangaji mji wa kikoloni waliliacha wazi makusudi, ili litenganishe mji wa biashara wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika, Kariakoo ambayo jina lake lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uwanja uliotengwa ili watu wasikutane, leo unakutanisha mwenye duka na mbeba mzigo saa kumi na moja na nusu alfajiri, bure. Halafu sisi wenyewe tunakuja kuweka mpaka wa elfu ishirini na tano juu yake.

Nimefika kwenye hoja ya tatu. Eti si jambo la watu wa fasihi.

Mimi nilisoma fasihi simulizi kama ulivyosoma wewe. Tulikariri aina za nyimbo: wawe za wakulima, kimai za wavuvi, nyimbo za jandoni, bembelezi. Tulipewa mtihani. Asubuhi ileile ya mtihani tulikuwa tumekimbia mchakamchaka tukiimba kwa nusu saa, na mwalimu aliyetuimbisha ndiye aliyeingia darasani kutuambia kwamba fasihi simulizi inatoweka! Kitu kilikuwa bado kimemlowesha shati mgongoni, na hakukiona. Nasi tumerithi upofu uleule. Tunakwenda kutafuta wimbo kwa bibi wa mwisho wa kijiji cha mwisho, na tunafunga vioo vya gari tunapopita Mnazi Mmoja.

Manju wetu ni muuza kahawa. Hajui kama yeye ni manju, na ukimwita hivyo atadhani unamtania. Anatunga palepale, kwa habari za jana. Siku moja tukiwa tunazunguka uwanja alianza hivi, sisi tukiitikia "Kimbia!":

Kodi imefika — Kimbia!
Mwenye nyumba kaja — Kimbia!
Watoto wanauliza — Kimbia!
Na mfukoni je?

Hapo hakuna kiitikio. Anakaa kimya, na sisi wote tunakaa kimya, inasikika miguu tu, hatua nne, ndipo anaanza upya. Niambie mshairi gani wa kwenye karatasi mwaka huu amekupa kimya kilichopangwa vizuri kama kile, ambapo jibu la swali linatolewa na soli za viatu. Ule ni ufundi. Una mizani yake, mguu wa kushoto unaangukia silabi anayoitaka yeye, na mtu akikosea hatua wimbo unamrudisha. Hakuna anayeurekodi. Kesho atatunga mwingine, na wa jana umekwenda.

Na tuzungumzie vitabu vyenyewe, maana huko ndiko mwenzetu anakojisikia yuko nyumbani. Anampenda Haruki Murakami, aliyeandika kitabu kizima juu ya kukimbia kwake, 2007. Anampenda Alan Sillitoe na hadithi yake ya 1959 ya kijana wa kizuizini anayekimbia asubuhi baridi. Wote wanakimbia peke yao, na upweke wao tunauita fasihi. Kwetu, Shafi Adam Shafi kwenye Kuli (1979) alituonyesha mwili wa mwanaume unavyobebeshwa mizigo bandarini mpaka ukakataa. Ule ni mwili wa kazi, na aliuandika vizuri mno. Euphrase Kezilahabi kwenye Kichwamaji (1974) akatupa Kazimoto, msomi aliyekaa na mawazo yake mpaka akajiua. Tumemchambua Kazimoto miaka hamsini sasa: udhanaishi, ukengeushi, maneno mazito. Sijasikia hata darasa moja ambapo mtu aliuliza swali la kijinga, la kawaida kabisa: Kazimoto alikuwa na nani wa kumwambia? Fasihi yetu imemwona mwanaume anayefanya kazi, na imemwona mwanaume anayekufa na mawazo yake. Mwanaume aliyesimama kati ya wenzake gizani, anahema, anatafuta namna ya kusema kwamba amepunguzwa kazi, huyo bado hajapata riwaya yake. Halafu akionekana barabarani, tunamcheka.

Kwa hiyo nimwambie mwenzetu, na kila aliyecheka siku ile, nikiwamo mimi: kichura hakijamzuia mtu kusoma. Pale dukani kwa fundi cherehani kuna rafu ya vitabu vitano, na yule bwana wa kwenye kiti alivimaliza vyote.

Na kwa wenzangu wa duara nina maneno pia, maana najua wawili watatu watayasoma haya. Fulana tuziache, au atakayetaka anunue na kuvaa siku ya harusi yake. Neno "kike" kama tusi tulitoe kinywani. Anayechoka amechoka, basi. Uji nao ugawanywe. Kwangu tumekwisha kupatana: Jumanne na Alhamisi natulia nyumbani, mke wangu na majirani zake kumi na mmoja wanakwenda uwanja wa shule ya msingi hapo mtaani, wanakwenda kwa pamoja na kurudi kwa pamoja. Uji ninaokoroga una madonge, watoto wamelalamika mpaka kwa bibi yao, lakini wanakunywa. Wameanza na wao kuimba huko uwanjani, na sitasema wanaimba nini kuhusu sisi.

La mwisho tumelianza tayari, tangu siku ile ya khanga. Kabla ya kutawanyika, mtu mmoja, zamu kwa zamu, anauliza: "Nani hayupo?" Tunataja majina. Kila jina lina mtu wa kulipigia simu kabla ya saa nne, na asipopokea, mtu wa kwenda. Jumapili mbili kwa mwezi tunakwenda kwa yule dereva, tunamsaidia kunyoosha mkono na mguu kama alivyoelekezwa na mtaalamu. Anahesabu mwenyewe, moja mpaka kumi, na muuza kahawa anaimbisha kidogokidogo ili asisumbue wapangaji. Akifika saba hutukana. Tunaambiwa hiyo ni dalili nzuri.

Sisi tunakutana Jumamosi saa kumi na moja na nusu, upande wa Lumumba. Mwenzetu wa vitabu, njoo. Viatu vyovyote vitafaa. Gari liache nyumbani, ukija na kinasa sauti utakuwa umefanya la maana zaidi, na usipotokea, jina lako litatajwa.